Miche Ilikaa Wapi?

Shangazi aliushika mche wa msindano kwa vidole viwili, akauvuta. Ukatoka bila ubishi, kama kijiti kilichochomekwa kwenye mchanga. Manyunyu yalikuwa yametuandama tangu asubuhi, na udongo wa Kilolo ukishalowa hauachii kirahisi kitu kilicho hai. Huu ukaachiwa.

Bado ulikuwa na ukijani. Ncha za sindano zilishaanza kugeuka rangi ya kutu, lakini ukisimama juu ya mteremko na kuitazama mistari kwa mbali, ungesema shamba limeshika.

Akaukwaruza mzizi kwa ukucha. Ganda likavuka lote, kama soksi iliyolegea, na ndani kukawa kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa.

"Mwanangu," akasema, "huu ulikufa kabla hujaupanda."

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Februari. Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri kwa sababu ya miti, na najua kuna watu watashangaa mtu mzima kukosa usingizi kwa ajili ya misindano, hiyo mipaini. Shamba lile la Kilolo, mkoani Iringa, ni la marehemu baba. Ekari tatu. Alifyeka yeye mwenyewe mwaka wake wa mwisho wa nguvu, akasema kazi ya kupanda ananiachia mimi.

## Simu

Nilipanda hadi juu ya kilima ambako mtandao unashika, nikampigia mwenye kitalu kule Mufindi. Sikumsalimia vizuri. Nilimwambia ameniuzia miche iliyolala, miche ya juzi aliyoipaka tope ionekane mipya. Nilisema mengi.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Dada, ilipotoka kwangu ilikuwa hai. Ilikaa wapi?"

Nikamjibu haraka kwamba ilikaa nyumbani kwangu, ndani, kivulini, naimwagilia kila siku. Nikakata simu nikiwa bado na hasira.

Swali halikukatika.

Nilipokuwa kwenye basi, ilikaa wapi? Nilipokuwa nakoroga ugali, ilikaa wapi? Nilijiona nimelijibu, kumbe jibu langu lilikuwa anuani tu. Yeye alikuwa anauliza kitu kingine: mizizi ilikuwa imegusana na nini, saa kwa saa, tangu ilipoachana na udongo wake.

## Desemba 12

Kila anayepanda miti huku anaujua ubishi wa viriba na matuta, yaani kipi bora, miche iliyokuzwa kwenye vifuko vya udongo au iliyokuzwa kwenye tuta la kitalu; sitaurudia. Nilichagua miche ya matuta, inayong'olewa ikiwa mizizi wazi, kwa sababu ni nafuu na kwa sababu ni myepesi. Ekari tatu kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 zinameza miche kama 1,350. Nikanunua 1,400. Kwenye viriba, mzigo huo ungekuwa shehena ya udongo, na mimi nilikuwa na kirikuu moja ya kukodi, kigari kidogo cha mizigo.

Tulifika kitaluni kabla jua halijakaza. Tuta lilikuwa limenyweshwa usiku. Vijana walikuwa wanaingiza jembe la uma chini ya mistari, wanainua udongo kwanza, halafu ndipo wanauchukua mche. Hakuna aliyevuta kwa shina. Kila miche 50 ikafungwa fungu moja, ikachovywa kwenye tope zito la mfinyanzi mpaka mizizi ikaonekana kama imevaa viatu vya kahawia. Mafungu yakafunikwa kwa magunia mabichi ya katani.

Nilitazama haya yote. Nilisimama pale saa nzima nikitazama, na sikuelewa kwamba nilikuwa naonyeshwa namna ya kuitunza. Nilidhani ni namna ya kuifunga.

"Mnapanda kesho?" mwenye kitalu akauliza.

Nikasema ndiyo. Mvua ya kupandia ilikuwa imeshanyesha mara mbili wiki ile, na mashimo yalikuwa tayari.

Magunia ya katani yalikuwa yake, akabaki nayo. Tukaishindilia miche kwenye viroba vya salfeti, tukapanga nyuma ya kirikuu. Kutoka Mafinga, mji wa Mufindi, hadi Iringa ninakoishi ni kama kilomita 80, na tulizipita jua likiwa utosini, turubai limechanika upande mmoja, upepo unapiga humo humo. Viroba vya juu vilipigwa na upepo. Viroba vya chini vilibanwa. Sasa najua hayo ni maumivu mawili tofauti.

Mzizi mnene wa mche unaweza kuvumilia kiasi. Lakini anayekunywa maji si huo. Maji yanaingia kupitia vile vizizi vyembamba vya pembeni na vinyweleo vyake, ambavyo ni laini kiasi kwamba jua na upepo wa dakika chache vinatosha kuvikausha. Vikishakauka, kuvilowesha tena hakuvirudishi.

Na ile iliyobanwa? Mche uliong'olewa bado unapumua. Unakula sukari iliyo ndani yake na kutoa joto, kama sisi. Miche mamia kwenye kiroba kimoja kisichopitisha hewa hupashana moto, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyopumua kwa kasi zaidi na kujimaliza yenyewe. Tulipofika nyumbani niliingiza mkono katikati ya kiroba kimoja nikakuta kuna joto kama la pipa la pombe ya komoni. Nikaliona ni jambo jema. Nikajiambia, angalau haikupata baridi njiani.

## Ndoo

Usiku ule mawingu yakaondoka. Kesho yake jua, keshokutwa jua. Vijana wa kupanda wakanipigia simu kutoka kijijini: dada, udongo umekauka, tusubiri.

Tukasubiri.

Niliitoa miche kwenye viroba nikaipanga stoo, ile ya uani. Tope lilishaanza kukauka na kupasuka kwenye mizizi, na mimi nikaona uchafu. Nikaleta beseni. Nikaosha fungu moja moja, kwa upole, kama mtu anavyoosha mchicha, mpaka mizizi ikatakata. Kisha nikaisimamisha kwenye ndoo za maji. Nilikuwa na ndoo sita na madumu yaliyokatwa midomo. Mafungu yaliyobaki nikayalaza sakafuni, nikawa nayanyunyizia asubuhi na jioni.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninapoisimulia habari hii, kwa sababu nilifanya kwa mapenzi. Niliamka alfajiri kuibadilishia maji kabla ya kwenda kazini. Hakuna mche hata mmoja uliokufa kwa kusahauliwa.

Mizizi inapumua pia. Kuiloweka saa chache kabla ya kupanda kunaipa nguvu. Kuiacha ndani ya maji yaliyotuama siku baada ya siku ni kuizamisha. Miche ya ndoo ilikosa hewa, miche ya sakafuni ilikosa unyevu, na yote ikabaki kijani vile vile. Msindano una tabia hiyo. Sindano zake zina nta, hazitoi maji ovyo, kwa hiyo juu huendelea kuonekana kuzuri wiki kadhaa baada ya chini kwisha. Mche wa nyanya ungeninyauka mbele ya macho jioni ile ile, nami ningeshtuka. Msindano haukuniambia kitu.

Siku tisa nilikuwa naangalia majani.

Na lile beseni. Sikujua mpaka nilipoanza kusoma baada ya ile simu. Misindano si ya kwetu; huu tunaopanda sana, Pinus patula, asili yake ni milima ya Meksiko. Huko kwao haikui peke yake. Mizizi yake hushikana na kuvu wa mikoriza, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko uzi wa cherehani, ambazo zinakwenda mbali kwenye udongo kuuletea mti maji na madini, hasa fosforasi, na mti unazilipa kwa sukari. Misindano ilipoletwa mara ya kwanza sehemu mbalimbali za Afrika, miche ilidumaa na kugeuka njano, mpaka wataalamu wa misitu walipogundua kwamba waliuleta mti wakamwacha mwenzake. Wakaanza kuchanganya udongo wa mashamba ya misindano kwenye vitalu. Huenda kila tuta la misindano unaloliona Mufindi lina urithi wa udongo huo.

Mimi nikauosha kwenye beseni, nikaumwaga kwenye mtaro.

Sisemi kwamba hilo peke yake liliua. Kuvu wengine hubaki ndani ya mzizi, na udongo wa jirani zetu una misindano ya miaka mingi. Lakini nikikumbuka maji yale ya kahawia yakitiririka, moyo unaniuma.

## Ushauri wa kweli wa nchi nyingine

Ningependa kusema sikutafuta ushauri. Nilitafuta, siku ya tatu, kwenye simu. Nikasoma kwamba miche ya mizizi wazi inaweza kutunzwa hata miezi, mradi iwe mahali pa baridi na giza. Nikafarijika sana. Stoo yangu ina giza, na Iringa ni baridi.

Na ni kweli. Uswidi, Finland, Kanada, wanang'oa miche msimu wa kupukutika, wanaifunga, wanaiweka kwenye vyumba vya baridi chini kidogo ya sifuri, na kuipanda majira ya kuchipua, miezi kadhaa baadaye. Inaamka na kuendelea.

Lakini miche ile inang'olewa ikiwa imelala. Siku zimefupika, baridi imeingia, mti umejifunga: umeacha kuchipua, umejaza akiba, umepunguza kupumua hadi karibu na kukoma. Baridi ya chumba inaendeleza usingizi ambao mti uliuanza wenyewe. Wa kwetu Desemba haujalala hata kidogo. Ni msimu wake wa kukua, una njaa, una kiu, ncha zake zinasukuma. Unaung'oa ukiwa katikati ya kukimbia. Na baridi ya Iringa ninayojivunia, ambayo Desemba mchana si baridi hata kidogo, haifiki popote karibu na ile ya kuusimamisha.

Hilo lilinifundisha kuogopa ushauri sahihi kuliko ule wa uongo. Wa uongo ningeuliza mtu. Huu ulikuwa na maelezo, una picha, una vipimo, na kila kilichoandikwa kilikuwa kweli kwa msitu wa watu wengine.

## Mafungu manne

Siku ya pili ya kukaa kwangu na miche ile, shangazi alipita kwangu akitoka hospitali. Akaingia stoo, akaangalia, hakusema kitu. Akaomba mafungu manne. "Nikupunguzie mzigo." Bado hayakuwa yameoshwa. Akayazungushia gunia bichi, akapanda nayo gari Ipogolo, ameyapakata miguuni kama mtoto.

Nilichojua mimi ni kwamba ameondoka na miche 200. Alichofanya nayo nilikuja kukisikia Machi, nilipomuuliza.

Alikwenda nayo moja kwa moja kinyungu, bustani ya kule bondeni, kwenye mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi. Akachimba mfereji wa kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, upande mmoja akaulaza kwa mteremko. Akafungua mafungu. Hilo alilirudia mara mbili: akafungua mafungu, kwa sababu mche wa katikati ya fungu haugusi udongo, unagusa wenzake tu. Akailaza miche mmoja mmoja kwenye mteremko wa mfereji, vichwa nje, akaifukia mizizi mpaka shingoni, akakanyaga taratibu kuondoa hewa, akamwagia maji. Kivuli cha mianzi kikafanya mengine.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yako. Tulikuwa tunapanda kwa zamu miaka hiyo, mvua ikigoma tunaificha mtoni."

Kuificha. Ndilo neno walilokuwa wakitumia. Baba hakuwahi kunisimulia, labda kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Nikamuuliza inaweza kukaa muda gani pale. Akasema wiki, wiki mbili si mbaya, zaidi ya hapo inaanza kutoa mizizi mipya, na ukiing'oa unaikata, unarudi kulekule ulikotoka. Kwa hiyo hata mfereji una mwisho wake. Unanunua siku.

## Tulivyohesabu

Mvua ilirudi Desemba 21. Tulipanda siku mbili. Na hapo pia kuna jambo lazima niliseme, maana swali la mwenye kitalu halikuishia stoo.

Ili kazi iende haraka, niliwaambia vijana watangulie kutandaza mche mmoja kwenye kila shimo, mstari mzima, halafu warudi kupanda. Jua lilikuwa linatoka na kuingia mawinguni. Mche wa mwisho wa mstari ulikuwa unalala kando ya shimo lake karibu nusu saa, mizizi hewani. Shangazi, upande wa chini wa shamba, alikuwa anapanda kutoka kwenye ndoo yenye tope, anachomoa mmoja, anapanda, anachomoa mwingine. Nilimwona. Nikadhani ni uzee.

Mwanzoni mwa Machi tulihesabu, mstari kwa mstari, na daftari. Kati ya miche yangu 1,200, iliyokuwa hai ni 311. Kati ya 200 ya shangazi, hai 171.

Nimezitazama namba hizo wiki nyingi, na sitaki kuzifanya ziseme kuliko zinavyojua. Yake ilipandwa upande wa chini wa shamba, palipo na unyevu zaidi. Mikono iliyopanda haikuwa ile ile. Labda hata mafungu manne aliyochagua yalitoka kwenye viroba ambavyo havikupata upepo. Ningeweza kujificha nyuma ya mojawapo ya hayo, na usiku fulani nilijificha.

Ila nilichimbua iliyokufa, zaidi ya mia moja, kwa sababu nilitaka kuiona. Mingi haikuwa imetoa hata mzizi mmoja mpya. Tope la shimo lilikuwa limeuzunguka mzizi uliosimama vile vile nilivyouosha. Mche unaoshindwa na ukame baada ya kupandwa huwa umejaribu kwanza. Utaona vincha vyeupe vilivyokauka. Hii haikujaribu kitu. Ilifika shambani ikiwa imekwisha.

Nilirudi kilimani kwenye mtandao.

Nilimwambia mwenye kitalu ilikaa kwenye kiroba saa tano, kwenye beseni, kwenye ndoo za maji siku saba, kwenye sakafu ya saruji, na kando ya mashimo juani. Nikamwomba radhi kwa niliyoyasema. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Pole, dada." Baadaye akaongeza kitu ambacho naamini hakuwa amewahi kukiangalia upande huo: kwamba na yeye alipaswa kuniuliza nina mfereji wapi, badala ya kuniuliza napanda lini. Sasa anawauliza wateja wote hivyo, anasema.

## Tuta

Sikujazia mapengo msimu huu. Mvua zinaelekea ukingoni, na mche uliopandwa Machi mwishoni unaingia kiangazi na mizizi ya kitoto. Mashimo yamebaki wazi. Nikipita naona nafasi ya kila mmoja.

Wiki iliyopita tulipima tuta letu wenyewe, mita moja kwa kumi, pale kinyungu, hatua chache kutoka kwenye mianzi. Mbegu tutamwaga Mei, ili Desemba ikitugomea tena, miche isubiri ikiwa bado ardhini, haijang'olewa na mtu yeyote. Hakuna stoo inayolizidi tuta. Shangazi alisema jambo hilo akiwa ameinama, kana kwamba kila mtu anazaliwa analijua.

Kisha akanipa debe, tukapanda hadi kwenye misindano ya jirani, ile mikubwa ambayo baba alisaidia kuipanda. Tukafukua chini ya sindano zilizooza. Udongo ulikuwa mweusi, unanukia uyoga, na ndani yake nyuzi nyeupe zimetawanyika kila upande. Nilikaa nazo kiganjani muda mrefu. Shangazi akasubiri.

"Jaza," akasema. "Na huu usiuoshe."

Nikajaza debe, nikajitwisha, tukashuka.